Nyuki Ukutani

Nilisimama Double Road, dukani kwa Nurali,
mvua ya Aprili ikigonga bati kama mdai.
Kaunta ya kioo, ndani yake pamba,
juu ya pamba soketi tatu
zimelazwa kama meno ya bandia ya tajiri.

Hii, akasema, imechovywa nikeli, haina makuu.
Hii dhahabu, haishiki kutu hata uizike.
Na hii rodiamu (hapo akashusha sauti
kama mtu anayetaja mahari),
hii usiniulize bei kabla hujakaa.

Nikakaa.
Nikauliza bei.
Nikasimama.

Mimi ni karani wa mizani, kiwanda cha kahawa.
Miaka ishirini na sita napima magunia ya watu,
najua kilo inavyodanganya ikiwa na unyevu.
Lakini shaba ikivaa dhahabu nyembamba kama pumzi,
nani atanipimia?

Nyumbani Rau nina spika mbili, ndefu kama watoto wa kidato,
na amplifaya ya zamani yenye taa ndani,
niliyomnunua nayo raha daktari mmoja aliyekuwa anahama,
na mvumo.
Mmmmm.
Haulali. Uko chini ya kila kinanda,
nyuki aliyefungiwa ukutani.

Nikachagua dhahabu. Moja tu.
Nikahesabu noti nilizokuwa nimeliahidi paa la jiko.
Ndeonasia hakufoka. Aliigonga kwa ukucha.
"Itakaa nyuma ya kabati?"
Nyuma ya kabati.
"Basi mende wamepata kanisa."

Jumamosi akaja Kiwelu, bisibisi mdomoni,
akang'oa ile ya plastiki,
imepasuka, pembeni imeungua rangi ya chai,
akafunga mpya. Plagi ikaingia, ikashikwa kwa adabu
kama mkono wa mkwe.
Nikawasha, nikafumba macho.
Mmmmm.
Nyuki yule yule. Sasa amevaa pete.

Kiwelu alicheka mpaka bisibisi ikaanguka.
"Mzee, waya wa ardhi umeishia wapi?"
Ukutani.
"Ukutani mpaka wapi?"
Tukaufuata kwa vidole, nje, kona ya choo:
waya wa kijani umejikunja,
unaning'inia shubiri moja juu ya udongo
tangu tuhamie.

Akapigilia nondo ya shaba kati ya migomba,
futi sita, ardhi nyeusi ya mlima.
Ndeonasia akaimwagia maji ya kuoshea vyombo,
Kiwelu alisema ardhi kavu haipokei.
Gharama: elfu arobaini, na chai, na ndizi za kuchukua.

Usiku, kimya.
Sikujua kimya kina sakafu.
Halafu mwanamke kwenye santuri akavuta pumzi
kabla ya kuimba.
Santuri hii ninayo tangu tisini na moja.
Pumzi ile sikuwahi kuisikia.

Nikamwita Ndeonasia. Akaja na unga mikononi,
akasikiliza kwa kusimama, ubeti mzima.
"Sasa hiyo ni dhahabu," akauliza,
"au ni maji yangu ya vyombo?"

Jumatatu kazini wakaniuliza imekuwaje.
Nikasema: dhahabu, jamani, dhahabu ni kitu kingine.
Gunia lililokuwa mbele yangu lilikuwa na unyevu.
Nililiacha likapita.