Bawa la Mfenesi

Ussi fundi friji ndiye aliyelitengeneza, si mimi.
Mimi nimeitwa kwa sababu ya kilo zangu hamsini na sita.
Tangu chuoni naitwa Njiti, naitwa Utambi;
leo ndiyo mara ya kwanza wembamba wangu kupata ajira.

Bodi: sponji ya ukuta wa chumba cha barafu
kilichovunjwa Bwejuu, ikavikwa vitambaa vya kioo
na gundi ile iliyomtoa machozi paka wa jirani.
Mguu: alumini ya dirisha. Bado una tundu la komeo.
Bawa la nyuma: upanga wa pangaboi.
Bawa la mbele, mfenesi,
miezi mitatu ya randa na tupa na msasa,
na Hidaya mkewe kila usiku akiuliza
kama hicho kitu kitazaliwa au vipi.

"Likikubali," asema Ussi, "litakutoa majini."
"Likikataa?"
"Litakutia majini. Weye si wajua kuogelea?"

Tulingoja maji ya kifua,
maana chini ya bodi umening'inia mguu
mrefu kama wa mtoto wa darasa la pili,
na hapa Jambiani maji yakitoka
hata kuku hufika nusu ya njia ya mwamba.

Mara ya kwanza, pua chini.
Nikanywa chumvi ya wiki nzima.
Mara ya pili bodi iliruka
kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto,
ikanitupa, tanga likanifunika,
na huko juu ya kitambaa nikawasikia watoto
wanahesabu nimekaa chini muda gani.
Ussi akaja akikata maji, spana mdomoni.
Akavua ndara, akakata kisigino chake kwa kisu,
akakipachika kati ya mguu na bawa.
"Lilikuwa limeinama mno," akasema.
Basi. Miezi mitatu ya hesabu,
na jibu lilikuwa amelivaa.

Mara ya tatu upepo ukashika. Nikaegemea nyuma.
Kwanza yale makofi ya maji chini ya bodi,
pa, pa, pa,
mazoea ya kila chombo,
halafu

hakuna.

Sijui niseme vipi.
Umewahi kulala chumba kimoja na friji bovu,
likanguruma miaka mpaka masikio yakalisahau,
halafu usiku mmoja umeme ukakatika?
Ndivyo. Bahari ilikatika umeme.
Nilikuwa juu, kimo cha ndoo, hakuna kinachonishika,
na chini yangu mti uliokulia shamba la Dunga,
ambao kazi yake ilikuwa kubeba mafenesi na kunata,
unaimba kisauti chembamba, kiiiii,
kwenye ukingo, mahali fulani.
Vigingi vya mwani vilinipita upande bila kuniuliza.
Nikacheka.
Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka,
kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Tak. Boliti.
Bodi chini, mimi mbele yake, bawa kusikojulikana.
Sekunde sita, walisema watoto.
Ussi alisema tisa, na hakutaka mjadala.

Alasiri maji yalipotoka tulikwenda kulitafuta,
tukipapasa kwa nyayo, Ussi na ndara moja na nusu,
hatusemezani.
Katikati ya kamba zake za mwani
Bi Mwanakombo akanyoosha mgongo.
"Ubao huu wenu? Umenikatia kamba mbili."
Alilishika kwa ncha,
kama mtu aliyevua samaki asiyemjua jina.
Ussi akaahidi kamba. Akaahidi na friji lake, bure,
mpaka gesi.

Hakulitoa bado. Aligeuza, akafumba jicho moja,
akapitisha kidole gumba taratibu ukingoni
kutoka ncha mpaka ncha,
akasimama palepale.

"Hapa," akasema, "hamkupiga msasa."