Aliyenipalia Makaa

Julai, Umoja, saa kumi na moja jioni.
Baridi imepenya chini ya mlango
kama mdai asiyebisha hodi.
Nimeyamwagia matunda damu maji ya moto,
yakapasuka ngozi, nikayavua moja moja
kama mtoto anayevuliwa sweta ikakwama shingoni.
Vidole vikawa vyekundu hadi kwenye pete.

Kilo moja, kutoka kibanda cha Sabethi,
aliyenitupia mawili ya nyongeza, laini,
ya kuliwa leo au yatupwe.
Sukari vijiko vitano. Nikaonja. Cha sita.
Punje tatu za iliki, nilizoziponda kwa kitako cha chupa.
Juu yake rojo zito la unga, mayai, maziwa,
na majarini niliyoikwangua hadi mkebe ukalia.

Shuleni nilikopika miaka kumi na mmoja,
bodi ikija kula, pudini ilikuwa hii,
ndani ya oveni kubwa kama kabati.
Bakuli likirudi nilikwangua kingo kwa kijiko,
nimesimama, mgongo kwa mlango,
nikijiapia: iko siku, kwangu, nimeketi,
bila mgeni hata mmoja.

Siku ndiyo hii.
Oveni ndogo niliipata kwa chama, zamu yangu ilipofika.
Nikachuchumaa mbele ya kioo chake.
Dakika ya kumi na tano rojo likaanza kuinuka pembeni,
maji mekundu yakatoboa katikati, pwu, pwu.
Kisha, tap.
Stima.
Ploti nzima ikaguna kwa sauti moja.

Nilingoja. Pudini ikanywea
kama mtu aliyesikia habari za nyumbani.
Gesi iliisha Jumanne. Makaa sina.
Mwenye makaa ni mmoja, chini yangu kabisa,
mlango wa kijani: Kwamboka,
aliyenipalia makaa kwa mwenye nyumba
kwa sababu ya kamba ya nguo
na maji yanayodondokea roshani yake.
Miezi minne sasa, tukipishana ngazini
kila mmoja anasoma ukuta.

Nikashuka gizani, sufuria nimeikumbatia kwa kanga.
Hakuuliza nataka nini. Alinusa.
Akafunua, akaitazama, nusu uji, nusu keki.
"Hii itaharibika," akasema.
Halafu: "Ingia basi, unaniletea baridi."

Jiko lilikuwa roshani, limekolea.
Akachota makaa kwa koleo, akayapanga kifunikoni
kwa utaratibu wa mtu anayepanga mayai.
"Moto mwingi uwe juu. Wa chini ukizidi
utakula masizi."
"Kwa kupalia," nikasema, "wewe ni bingwa."
Ulimi huo. Ulinitoka kabla sijaufunga.
Kimya.
Na papo hapo, kutoka kwenye soksi zangu kule juu,
tone likaangukia kaa: tsss.
"Umesikia?"
"Nimesikia."
Akacheka kwa pua, kifupi, kama anayepiga chafya.
Akasogeza jiko kwa mguu.

Tulikula humo humo sufuriani, vijiko viwili,
kanga yangu moja magotini mwetu wawili.
Juu imeiva rangi ya chapati ya pili,
chini imeshika kidogo, katikati uchachu mwekundu
unaokufumbisha jicho moja.
"Sukari umeionea huruma," akasema,
akachota tena. Akachota tena.

Stima ilirudi tukiwa tumefika ukingoni.
Kule juu, katika nyumba tupu,
oveni yangu ikaanza kujipasha moto yenyewe.
Nilijua. Bili nalipa mimi.
Sikuinuka.

Asubuhi niliisogeza kamba, hatua moja,
upande wa kushoto. Zaidi ya hapo hapana.
Sufuria bado iko kwake.
Sijaidai.