Kokoto

Birere, tangu saa moja asubuhi, nachagua maharage,
ungo magotini, shingo ikiruka inapotaka.
Jicho la kushoto lina serikali yake:
linafumba mara mbili, kisha mara moja kwa nguvu,
kama mtoto anayegonga mlango wa jirani na kukimbia.

Mume wa Kahambu alidhani namkonyeza.
Kahambu naye alidhani.
Ilinigharimu debe zima la maharage ya njano kuwatuliza,
na hadi leo kuna anayepita upande wa pili wa barabara:
Kahambu. Siyo mumewe.

Juzi daktari alinikalisha mbele ya kompyuta.
"Mama Kavugho, tazama katikati. Nukta itatokea pembeni.
Usiifuate. Peleka macho upande wa pili."
Nukta ikatokea. Jicho likaenda.
Ikatokea tena. Nikalizuia jicho, shingo ikaruka badala yake;
ukiziba tundu moja la bati, mvua hutafuta lingine.
Akaandika. Kalamu yake ilikuwa na kifuniko kilichotafunwa.
Hakuniuliza kuhusu kifuniko.

Nilitaka kumwambia: daktari,
huu mtihani naufanya mwaka wa thelathini na nne sasa.
Kanisani. Kwenye foleni ya maji.
Kwenye mazishi ya baba, uso nimeushika
kama mtu anayeshika mbuzi asiyetaka kuuzwa,
nikahesabu misumari ya jeneza
ili nisije nikamkonyeza marehemu.
Kumi na sita. Mmoja ulipinda.

Mji huu mlima umeingia mpaka kwenye chakula.
Kokoto za lava, nyeusi, nyepesi,
hulala kati ya maharage meusi na kujifanya ndugu.
Wenzangu huzitafuta kwa vidole.
Mimi nafumba, nafumbua,
na kila nikifumbua ungo ni mpya,
na kokoto iko pale, haina hata aibu.
Naitoa.
Sijui anayeiona ni mimi au ni ugonjwa.
Majibu ni Alhamisi.

Mteja amesimama. Ananitazama, anacheka,
naye ananikonyeza, mara mbili, kisha moja kwa nguvu.
Ameniiga vizuri.
Mpimie kilo zake, namwambia Biira.
Za kwenye ungo huu, siyo za kwenye gunia.
Ana meno mazuri yule.