Mhojiwa Namba Saba

Tasnifu yangu ina kurasa mia tatu na kumi na mbili,
jalada la buluu, jina langu kwa herufi za dhahabu.
Inakaa maktabani, chuoni kwetu Bukavu, rafu ya juu,
ambako msomaji mwenye bidii ni vumbi.
Ukurasa wa arobaini na moja, chini kabisa,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
*Mhojiwa na. 7. Mwanamke, mjane, Kadutu.*

Jumatano nilitumwa
(tuseme ukweli, nilisukumwa)
kumkagua mwanafunzi wangu anayefundisha Dini
katika shule ya mbao juu ya ngazi za Kadutu.
Viatu vyangu vya chuo vilijifunza udongo.
Darasa la sita: watoto sitini na wanne,
madawati kumi na tisa,
bati bado linadondosha mvua ya usiku
ndani ya sufuria iliyowekwa kati ya mistari.

Mwalimu Ntakwinja,
niliyempa kumi na sita kwa ishirini katika Nadharia za Dini,
aliandika ubaoni: MUNGU NI MMOJA.
Watoto wakanakili.
Ingeishia hapo, ningeweka sahihi, ningeshuka.

Mkono ukapanda nyuma, penye dirisha lisilo na kioo.
"Mwalimu, kama ni mmoja, Nyamuzinda wa koko ni nani?
Katekista alimkataza kumtaja.
Na tena, kwa kina Amisi wanavua viatu mlangoni,
kwa Wakimbangu wanavua viatu,
sisi tunaingia na matope.
Ni nyumba ya huyohuyo?"

Kicheko. Kisha kimya.
Ntakwinja akanitazama
kama mtu aliyeazimwa mwavuli wenye matundu
na sasa mvua imeanza.
Nilimfundisha majina ya wataalamu kumi na wawili, wote wa ng'ambo.
Sikumfundisha saa tano na nusu,
mtoto ana njaa na anataka kujua.

Nikauliza: koko yako anaitwa nani?
Akataja jina.

Ukurasa wa arobaini na moja ulinikwama kooni.

Namba saba!
Aliyefukuza kuku kitini ili mimi niketi,
akanimenyea viazi huku akinena,
akanena mpaka kanda ikajaa pande zote mbili,
nami nikamwachia vipande viwili vya sabuni
na ahadi: Mama, nitarudi na kitabu.
Miaka kumi na mmoja.
Kutoka chuoni hadi kwake ni nusu saa kwa miguu.

"Bado yupo?"
"Yupo. Haoni vizuri.
Huwa anauliza kama yule kijana wa redio alikufa."

Nikaomba chaki.
Sikufuta kitu. Chini ya maneno ya Ntakwinja niliandika:
*Nyamuzinda: aliye mwisho, baada yake hakuna.*
Nikasema, haya sikuyasoma popote,
niliyapewa na koko wa Cibalonza, akimenya viazi.
Wakanakili. Amisi alitumia wino mwekundu.
Habari ya viatu sikuijibu. Nilisema
kila mmoja aende akaulize nyumbani kwake,
aje na jibu, tutayaweka mezani yote.
Ntakwinja akaandika tarehe pembeni ya ubao.

Ripoti yangu kwa mkuu wa kitivo ni fupi:
*Mwalimu: vizuri. Mkaguzi: arudie mwaka.*

Jumamosi nimepanda tena zile ngazi,
kitabu cha buluu ndani ya mfuko wa plastiki, na sabuni,
maana aibu nayo huja na desturi zake.
Cibalonza anasoma kwa sauti, kidole juu ya mstari,
anageuza maneno yangu magumu kuwa Kimashi
kwa urahisi unaoniudhi kidogo.
Bibi anasikiliza, kichwa kimeinama,
mkono umetulia mgongoni mwa kuku mwingine.

Mstari wa nne, anainua kidole.
"Simama hapo.
Sivyo nilivyosema."

Natafuta kalamu mfukoni.