Sehemu Namba Thelathini na Moja

Miaka mitatu nilimpima marehemu asiye na kaburi:
injini ya makaa, magurudumu sita,
iliyokatwakatwa vyuma chakavu kabla sijajua kusoma.
Nilikuwa na picha nne, zote za upande wa kulia,
na mchoro wa kiwandani uliokunjwa hadi ukapasuka
palepale nilipotaka upana wa kibanda cha dereva.
Upande wa kushoto niliuliza wazee wa Shildon.
Mmoja akasema bomba lilipita juu ya gurudumu, mwingine chini;
wakanuniana, wakaacha kukaa meza moja.

Nikagawa kila kitu kwa sabini na sita.
Ribiti ikawa nukta. Mlango wa tanuri, ukucha wa mtoto.
Dereva angesimama kimo cha pingili ya kidole gumba.

Bandani, mvua ya Durham ikipiga bati,
nilichora mistari ambayo tindikali ingeila
na ile ambayo ingeiacha.
Bamba la shaba likarudi limetobolewa kama darizi,
kila kipande kikishikwa na wenzake kwa vijishina vyembamba.
Jaribio la kwanza, boila haikuingia. Robo milimita.
La pili, fito zikakwama, ikatembea kama mlevi.
Mvumbika changa hula mbovu; nikachora upya.
Dohani, kuba na bafa nilimwachia Alwyn Pickersgill,
anayeyeyusha risasi nyeupe jikoni kwa mkewe,
dirisha wazi hata Januari.

Kisha sanduku: vipande mia na nne, waya, skrubu,
na kijitabu cha maelezo, kurasa tisa,
nilichoandika kwa sauti ya mtu mwenye subira kuliko mimi:
Lehemu kidogo. Subiri. Pumua. Geuza.
Nikauza arobaini na mbili.
Hakuna aliyelalamika.
Kizuri chajiuza, nikajiambia, nikavimba kichwa.

Miaka mitano baadaye likanirudia moja,
utepe haujakatwa.
Bi. Enid Garbutt wa Whitby aliandika:
Clifford alikuwa akisema, baridi ikiingia.
Baridi zimeingia tano.
Niundie. Nataka kuona alichokuwa akikisubiri.

Nikakaa mezani, nikafuata maneno yangu kama mgeni.
Ukurasa wa nne nilimtukana aliyeyaandika.
Ukurasa wa nane: Chukua sehemu namba thelathini na moja, filimbi.
Nikapapasa pakiti. Thelathini. Thelathini na mbili.
Nikashusha masanduku mawili yaliyobaki rafuni, nikayachana.
Thelathini. Thelathini na mbili.

Filimbi sikuwahi kuitengeneza.
Injini arobaini na mbili bubu nchini kote,
na hakuna, nikadhani, hata muundaji mmoja aliyefika ukurasa wa nane.
Zimelala juu ya makabati, chini ya vitanda,
zikingoja mtu astaafu, mtoto ahame chumba,
baridi iingie.

Ningeweza kunyamaza.
Lakini mficha uchi hazai.
Alwyn akamimina filimbi hamsini, kila moja punje ya mtama,
akinicheka kwa kila punje.
Bahasha arobaini na moja niliziandika kwa mkono.
Ya Enid niliilehemu mwenyewe, nikaipaka kijani,
nikaipeleka Whitby kwa basi, nimeipakata.
Aliiweka dirishani, akaisukuma kwa kidole, mbele, nyuma.
"Ndogo," akasema. Akaenda kuchemsha chai,
akakaa huko jikoni muda mrefu kuliko chai inavyotaka.

Bahasha sita zilirudi: mwenyewe hayupo.
Kisha usiku mmoja simu kutoka Inverness,
mzee, hata hakunisalimu:
"Miaka minne nimeinua zulia.
Nimepasua mfuko wa kifyonza vumbi.
Nimemshuku paka.
Nilidhani nimeipoteza mimi."