Upana Mdogo Zaidi

Gusa mara saba, alisema Salha,
hapo palipoandikwa Nambari ya Muundo.
Nikagusa. Kidole kikavu hakishiki,
nikakilamba kama mhesabu noti,
tano, sita, saba, na kioo kikanipongeza:
Sasa wewe ni msanidi programu!
Umri sitini na nane, nimekaa barazani Keko Machungwa
na singlendi iliyotoboka,
nimepandishwa cheo bila barua.

Mimi nilikuwa mpanga herufi
kiwandani Chang'ombe, pale ambapo leo wanauza vigae.
Herufi zilikuwa za risasi. Ukidondosha a
unaisikia sakafuni, unainama, unaitafuta.
Nilisoma maneno yakiwa miguu juu
upesi kuliko wengine wanavyoyasoma yamesimama.
Pointi nane kwa tanzia,
kumi kwa habari,
sabini na mbili kwa jambo la kuamsha mji.
Ukubwa wa neno uliupima mkononi.

Simu hii haina uzito huo.
Salha anataka vidogo, viingie vingi: 411.
Mimi nataka 320.
Simu moja, macho jozi mbili,
na kila asubuhi aliyewahi kuamka
ndiye anayeipanga dunia.

Halafu hesabu yenyewe ina ukaidi:
namba ikipungua, herufi inanenepa.
Nikabisha.
"Babu, chumba kikiwa chembamba
vitu vinaonekana vikubwa. Liangalie kabati letu."
Nikaliangalia kabati.
Nikanyamaza.

Jumapili amekwenda kusuka, nikasema leo najirekebishia mwenyewe.
Nikaandika tatu, mbili, sifuri,
na kidole, kwa mazoea ya kukilamba, kikarudia sifuri.
Sawa.
Kioo kikafumba, kikafumbua,
na kila kitu kikawa chenga za mchele:
saa, betri, picha, majina ya watu,
vyote vimekimbilia juu kama sisimizi walioona maji.
Mimi, niliyekatwa mshahara mara moja tu
kwa sifuri iliyozidi kwenye bei ya saruji!

Sikumwita mtu. Nilivuta droo ya cherehani ya Tunu,
nikaitoa lenzi yangu ya kiwandani,
nikaisimamisha juu ya kioo, nikainamisha jicho
kama zamani nikikagua prufu.
Nilikuwa natafuta mipangilio, naapa.
Kidole kikaangukia jina lake.

Mazungumzo yetu yote ya mwezi ule wa Muhimbili
yamelala kwenye ukurasa mmoja,
safu mbili, kushoto yake, kulia yangu,
bila kusogeza, bila kuvuta.
Kwenye 320 sikuwahi kuona zaidi ya sentensi tatu za mke wangu kwa pamoja.
Lipa maji.
Leo wametupa uji wa ulezi.
Njoo na kanga ya bluu, hii inawasha.
Umenunua sukari au unakunywa chai kavu?
Lipa maji, nimesema.
Na ya mwisho, usiku, nilipokuwa nimemwacha wodini:
Umefika?

Chini yake, kesho yake asubuhi, jibu langu:
Nimefika.
Tiki moja.

Salha alirudi kichwa kimekaza, nywele zinameta,
akanikuta nimeinama, lenzi jichoni.
"Babu umeifanya nini simu?"
Akaipokonya, macho yake makali hayahitaji kioo,
akaanza kuguza huku na kule, kisha kidole kikasimama.
Alisoma kimya. Nilijua amefika wapi
kwa jinsi alivyoacha kutafuna ubani.

"Nirudishe ngapi?" akauliza.
Nikasema ngoja kwanza.
Tukangoja. Jirani akamwaga maji ya kufulia,
muuza kahawa akapita akigonga vikombe.

Sasa iko 360.
Yeye anasema vitu vimevimba,
mimi nasogeza mkono mbali nikikunja uso.
Lenzi haijarudi drooni.
Na bili ya maji nimelipa, tarehe mbili,
kabla hata ya kukumbushwa.