Lumbesa

Juni, Mbeya. Loleza imejifunika hadi shingoni,
nami nimevaa sweta mbili ofisini.
Mbele yangu karatasi moja yenye mistari:
kozi kumi na moja, wakufunzi wasaidizi sita.
Mkuu wa idara amesema, "Gawa wewe, Tusajigwe,
mtoto wa mkulima, kugawa unajua."
Alitania. Nilicheka.

Kugawa sijui. Kugawiwa ndiko ninakokujua.

Nilikuwa na miaka tisa, Isyonje, kando ya barabara,
baba ameshika mdomo wa gunia,
mnunuzi anashindilia viazi kwa goti.
Gunia likajaa, likapita kujaa,
likavishwa kilemba cha kamba na nyavu,
na bei ikabaki ile ile ya gunia.
"Hili ni gunia moja?" niliuliza.
Baba alinikanyaga mguu, taratibu.
Mnunuzi mwingine asingefika hadi Ijumaa
na viazi vilishaanza kuchipua macho.

Miaka kumi na sita baadaye nikawa gunia.
Mkataba ulisema saa kumi na mbili kwa wiki.
Semina nne, ulisema. Kusahihisha, ulisema, "inapobidi."
Ikabidi kila siku.
Wanafunzi mia sita na kumi na wawili wa mwaka wa kwanza,
majibu yao kwenye maboksi ya sabuni
chini ya kitanda changu, chumba cha kupanga Iyunga;
taa ya chaji, blanketi,
kalamu nyekundu inayogoma kwa baridi,
naipasha kwapani kama kipimajoto.
Juu ya hayo, kilemba:
kumchukua mtoto wa Dokta Mwambola shuleni,
kupanga marejeo ya kitabu chake, nukta kwa nukta,
kusimamia mtihani Jumamosi ya msiba wa shangazi.
Dokta hakuwa mbaya. Aliniita "binti yangu."
Alisaini tasnifu yangu bila kunizungusha.
Mnunuzi naye alikuwa akitupa peremende.

Leo asubuhi amekuja, chupa ya chai mkononi.
"Mwanangu, niwekee watatu. Kama kawaida."
Kozi yake ina wanafunzi thelathini na wanane.
Nikasema nitaangalia.
Nitaangalia: neno la mtu aliyeshika kamba.

Sasa ni saa kumi. Nimehesabu vichwa, nimehesabu saa,
nimegawanya, nimebakiza,
nimefuta hadi karatasi imeota manyoya.
Takwimu za Awali, wawili.
Stadi za Mawasiliano, wawili, na bado watalia.
Dokta Mwambola, sifuri.
Niliiandika ndogo, kisha nikaikuza
isije ikasomwa vibaya.

Halafu nikaona.
Juu kabisa, kwenye kozi yangu mwenyewe,
wanafunzi hamsini na mmoja tu,
kuna jina: Anyelwisye.
Mengine yote ni penseli. Hilo ni wino.
Sikumbuki kuliandika.
Nakumbuka tu kwamba ni kijana mwepesi,
kwamba hajui kukataa,
kwamba juzi nilimtuma Mwanjelwa
akanichukulie viatu kwa fundi,
akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi,
akaomba radhi kwa kuchelewa.
Nami nikapokea. Viatu, na radhi pia.

Wino haufutiki. Nimeukwaruza kwa wembe,
na pale pamebaki kovu jeupe
ambapo kila atakayeisoma karatasi atatazama kwanza.
Acha atazame.
Kozi kumi na moja, watu sita:
haijatosha, haitatosha, hilo nitalisema kikaoni
hata kama sauti itanitetemeka.
Anyelwisye nimempeleka kwenye Takwimu,
saa kumi na moja na nusu.
Nusu iliyobaki sikuijaza.
Ndio ule upenyo baba alioutamani maisha yake yote,
mdomo wa gunia unaofungika
bila goti la mtu.

Hodi mlangoni. Ninakijua kikohozi hicho.
Karatasi sijaifunika.